Kipunguza sauti kipi kwa bunduki ya upepo: kifupi kinene au kirefu chembamba?

"Mtaalamu, habari za kazi. Nina bunduki ya upepo ya kujazwa hewa, milimita 5.5, inarusha risasi kwa mita kama 280 kwa sekunde. Najifunza kulenga nyuma ya nyumba, umbali wa mita 25, na nyuma ya shabaha kuna tuta refu la udongo. Shida ni jirani: ana mtoto mchanga na mlio unamwamsha. Nimeletewa vipunguza sauti viwili nichague. Kimoja ni cha alumini, kinene, kipenyo milimita 40, urefu 130, uzito gramu 140. Kingine ni cha nyuzi za kaboni, chembamba, kipenyo milimita 30, urefu 190, gramu 70. Muuzaji anasema hicho kirefu kinaua sauti kabisa, kinapunguza desibeli 30. Nimepima kwa programu ya simu: bila kitu 92, na hicho kirefu 89. Je, nimedanganywa? Halafu nina nyingine ya zamani, ya springi, ile ya kukunja mtutu. Naweza kukihamishia huko?"

Ndugu yangu, umenifurahisha kwa jambo moja: umemfikiria mtoto wa jirani kabla jirani mwenyewe hajapiga hodi. Wengi huniandikia mambo yakishaharibika.

Nimekuelewa hivi: unataka kujua uchukue kipi, kama simu yako inasema kweli, na kama bunduki ya springi nayo itafaidika. Nitayajibu yote, ila si kwa mpangilio huo, maana kuna swali la nne ambalo hukuniuliza na ndilo linalobeba mengine. Ni sauti ipi hasa inayomwamsha yule mtoto?

Bunduki ya upepo haina mlio mmoja. Ukivuta kifyatulio, nyundo iliyo ndani inagonga vali na chuma kinalia. Hewa iliyokuwa ikisukuma risasi inatoka mdomoni mwa mtutu kwa kishindo. Risasi nayo, ikizidi kasi ya sauti, inapasua hewa njia nzima na kuacha mpasuko wake. Kasi hiyo ni kama mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzijoto 20. Mwisho risasi inagonga kitu. Kwa mita 25 mambo yote hayo yanaisha ndani ya kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwa hiyo sikio linayakusanya na kuyaita "pah!" moja. Kipunguza sauti kinashughulikia kishindo cha mdomoni peke yake. Nyundo hakiifikii, mpasuko hakiuwezi, na risasi inayogonga bati haikihusu hata kidogo. Bahati nzuri kwa mita 280 wewe uko chini ya kasi ya sauti, kwa hiyo mpasuko tuuondoe kwenye hesabu. Anayetumia risasi nyepesi za aloi kwenye mtutu wa milimita 4.5 asijipe bahati hiyo kabla ya kupima.

Kuna rafiki yangu alinunua kipunguza sauti cha pili baada ya cha kwanza "kugoma". Nilimwacha afyatue, mimi nikaenda kukaa nyuma yake, ng'ambo ya ukuta, macho nimefumba. Bunduki sikuisikia. Nilisikia "ko!" kavu, kama mtu anayepiga sufuria kwa kijiko. Kumbe kisanduku chake cha kunasia risasi kilikuwa cha bati tupu, kimening'inizwa kwa mnyororo kama kengele. Tulikishusha chini, tukakishindilia matambara mpaka yakakataa kuingia, tukafunika mbele kwa kadibodi. Nikarudi ukutani, nikasubiri, nikaona ananichelewesha. Nilipochungulia nikakuta ameshafyatua mara mbili.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, fanya jaribio hilo. Mtume mtu akae karibu na dirisha la jirani, wewe fyatua kwanza kwenye kinasia risasi ulicho nacho, halafu moja kwa moja kwenye tuta la udongo laini lisilo na mawe. Akikuambia ya pili imepoa sana, basi nusu ya tatizo lako liko kule kwenye shabaha, wala halihitaji kipunguza sauti cha aina yoyote. Ukitaka kushindilia sanduku, weka bamba imara la chuma nyuma ya matambara, na uwe unayakagua mara kwa mara, maana risasi zikipiga sehemu moja kila siku zinachimba handaki.

Tukiamini sasa kwamba kilichobaki ni kishindo cha mdomoni, tuone kinatokana na nini, kwa sababu ukishaelewa hapo utaweza kuchagua bila kumsikiliza muuzaji. Chukua mtutu wa milimita 5.5 wenye urefu wa sentimita 50. Ndani yake unaingia ujazo wa kama sentimita 12 za ujazo, vijiko viwili vya chai na kidogo. Tuseme risasi inapochomoka, hewa iliyo nyuma yake bado ina shinikizo la bari 40, yaani kama mara 40 ya shinikizo la hewa ya kawaida. Hewa hiyo ikitanuka hadi shinikizo la kawaida inataka nafasi ya karibu nusu lita, na inaitaka papo hapo. Huo mfumuko wa ghafla ndio kishindo. Wingi wa hewa si hoja sana. Nusu lita hiyo hiyo ukiipuliza polepole kwa mdomo haimwamshi mtu.

Kipunguza sauti kinaipa hewa chumba cha kutanukia kabla haijakutana na dunia. Kikiwa na ujazo wa sentimita 100 za ujazo ndani, zile bari 40 zinajitandaza zikashuka hadi karibu na bari 4, kisha zinapenya kwenye tundu la mbele kwa muda mrefu zaidi. Hesabu yangu ni ya mkaa, haikuingiza joto wala hewa ambayo vali inaendelea kuiachia, lakini inakuonyesha mwelekeo. Kuta zilizopangwa ndani na felti inayozunguka pembeni zina kazi ya kuivuruga na kuichelewesha hewa isikimbilie mbele kwa mstari mmoja. Fikra hii ni kongwe: Hiram Percy Maxim alipata hataza ya kipunguza sauti cha bunduki mwaka 1909, na ndiyo fikra ile ile iliyo kwenye ekzosi ya gari. Baba yake ndiye aliyeunda bombomu ya Maxim, bunduki ya rashasha. Baba alileta kelele, mtoto akaja kuzipunguza.

Kwa hiyo cha kwanza cha kutazama ni ujazo wa ndani, na hapo ndipo urefu unapowapoteza watu. Wewe unaona 190 na 130, moyo unakuambia kirefu kina nafasi zaidi. Tupime. Toa unene wa ukuta milimita 2 kila upande na milimita 10 za vifuniko vya mbele na nyuma. Kinene kinabaki na kipenyo cha ndani cha milimita 36 kwa urefu wa 120, sawa na sentimita za ujazo kama 122. Chembamba kinabaki na 26 kwa 180, sawa na kama 96. Kile kifupi ndicho kikubwa! Sababu ni kwamba kipenyo kinahesabiwa mara mbili, kwa kuwa eneo la duara linakua kwa kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe, ilhali urefu unahesabiwa mara moja. Mpangilio wa kuta za ndani unaweza kupindua tofauti ndogo kama hii, na kirefu chenye kuta zilizobuniwa vizuri kinaweza kumshinda mnene aliye mtupu. Ila ikiwa sijui kilichomo ndani, mimi huanza na ujazo.

Jambo la pili ni unyoofu, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndiko bunduki nzuri zinakoharibiwa jina. Risasi yako ina milimita 5.5. Tundu la kipunguza sauti kwa kawaida huwa pana kidogo, tuseme milimita 7. Ina maana kila upande pamebaki milimita 0.75, unene wa kadi ya benki. Sasa hesi, yaani meno ya kukazia, za mtutu au za kipunguza sauti zikiwa zimekatwa pogo, hata kwa robo tu ya nyuzi moja, kwenye kile kirefu tundu la mbele litakuwa limehama milimita 0.83. Risasi inagusa. Kwenye kile kifupi kosa lile lile linahamisha milimita 0.57, inapita kwa kunusurika. Jicho halioni robo ya nyuzi, lakini karatasi ya shabaha inaona. Kundi la risasi lililokuwa linafunikwa na sarafu linatawanyika ghafla, na matundu mengine yanatoka marefu badala ya mviringo kwa kuwa risasi inafika ikiyumba.

Ukishafunga kipunguza sauti chochote, fyatua risasi kumi, ukifungue, utazame kifuniko cha mbele kwa ndani ukitumia tochi. Ukiona mfuto wa kijivu unaong'aa upande mmoja, kama mtu amepitisha penseli, hiyo ni alama ya risasi iliyogusa. Usiendelee kufyatua ukidhani itajitengenezea njia. Fungua, safisha hesi, hakikisha hakuna uchafu wala oringi (pete ya mpira) iliyobinuka kati ya bega la mtutu na kipunguza sauti, ufunge tena mpaka kikae bapa. Mfuto ukirudi, mpelekee fundi. Usichimbe tundu kulipanua mwenyewe kwa dirili.

Hapo hapo uliza kuhusu hesi na kipenyo. Bunduki nyingi za upepo zina hesi za nusu inchi zenye meno 20 kwa inchi, ila zipo nyingine za milimita, na nyingine hazina hesi kabisa zinahitaji adapta. Kila adapta ni nafasi mpya ya kwenda pogo. Kipenyo nacho kiandikwe kwa bunduki yako au kikubwa zaidi: kipunguza sauti cha 6.35 kwenye bunduki ya 5.5 kitafanya kazi, kitavujisha sauti kidogo tu. Kinyume chake ni ajali.

Uzito nao una lake, na hapo kile cha kaboni kinapata alama. Ukizidisha uzito kwa umbali wa katikati yake kutoka mdomoni mwa mtutu, cha alumini kinavuta kwa 9100 na cha kaboni kwa 6650, ingawa ni kirefu zaidi. Mtutu mwembamba unauhisi mzigo huo, na risasi zitaanza kupiga mahali pengine. Hilo si kosa la kitu. Rekebisha darubini baada ya kukifunga na usiwe unakivua kila siku. Kinene kinaweza pia kuonekana kama kivuli chini ya picha ya darubini ukiwa kwenye ukuzaji mdogo. Kero ndogo, inazoeleka.

Sasa desibeli 30 za muuzaji. Sitasema amekudanganya, ila namba bila maelezo ya ilivyopimwa ni sawa na kusema "gari hili linakwenda sana". Imepimwa kwenye bunduki ipi, yenye nguvu gani, kipaza sauti kikiwa umbali gani na upande upi wa mdomo wa mtutu? Kila jibu linabadilisha namba. Kumbuka pia kwamba desibeli hazihesabiwi kama viazi. Sauti ikishuka desibeli 10, watu wengi huisikia imepungua kama nusu. Ikishuka 3, nguvu yake imegawanyika mara mbili, lakini masikio yako yataona tofauti ndogo tu.

Na simu yako? Hiyo haikudanganyi kwa makusudi, haina uwezo tu. Kishindo cha bunduki ya upepo kinadumu kwa milisekunde chache. Kipaza sauti cha simu kimetengenezwa kwa mazungumzo, kikipigwa na kishindo cha karibu kinajaa na kukata kilele. Halafu programu nyingi huwastanisha sauti. Hata kipimo kinachoitwa cha haraka huwastanisha kwa milisekunde 125, muda ambao kishindo chako kimeshakuja, kimekwenda na kusahaulika. Simu nyingi pia zinajirekebishia sauti zenyewe: ikiwa kubwa zinaishusha, ikiwa ndogo zinaipandisha. Kwa hiyo 92 na 89 ni takriban kile ningekitarajia hata kama tofauti halisi ni kubwa sana. Usizitumie kumtetea muuzaji wala kumshtaki.

Kipimo ninachokiamini kwa nyumbani ni binadamu asiyejua kinachoendelea. Muombe muuzaji akuache uvijaribu vyote viwili mahali halali. Msaidizi akae nyuma yako umbali wa jirani, akupe mgongo. Wewe fyatua mara tano kwa kila kimoja ukivichanganya bila utaratibu, naye aandike ipi imemsumbua zaidi. Asipoweza kuvitofautisha, mtoto naye hataweza, na hapo chagua kilichonyooka na kinachokaa vizuri mkononi. Mwambie aangalie pia aina ya sauti. Mlio mzito wa "tfu" unasahaulika upesi kuliko mlio mkali wa "tik" hata kama kipimo kingesema vinalingana.

Kabla ya hapo kuna kitu cha bure. Bunduki nyingi za kujazwa hutoka, au hurekebishwa na mmiliki mwenye uchu, zikiwa na springi ya nyundo iliyokazwa kupita kiasi. Vali inabaki wazi hata risasi ikiwa imeshatoka, hewa yote hiyo inaishia kuwa kelele. Ikiwa yako ina regileta (kidhibiti cha shinikizo la hewa) na skrubu ya nyundo, legeza kidogo kidogo ukipima kasi kwa kronografu, kifaa cha kupimia kasi ya risasi. Mahali panapofaa ni pale kasi inapokuwa imeshuka asilimia 3 hadi 5 chini ya upeo wake. Kwako ni kama mita 266 hadi 272. Utapata risasi nyingi zaidi kwa kila ujazo na mlio wenye adabu. Ikiwa bunduki haina skrubu ya kufikika kwa nje, usiifungue kama ina hewa ndani. Hiyo ni kazi ya fundi.

Ile ya springi usiipelekee hela. Kwenye springi, pistoni inabana hewa kidogo tu, na risasi inapofika mdomoni shinikizo limebaki dogo. Sauti unayoisikia ni springi kulia na pistoni kugota mwisho wa silinda, tena unaisikia kubwa kuliko jirani kwa sababu shavu lako limelala kwenye kitako na mfupa unaibeba. Grisi sahihi na springi isiyochezacheza ndani ya pistoni vitakusaidia kuliko bomba lolote la mbele. Ikiwa inatoa mpasuko mkali na moshi wenye harufu ya mafuta yaliyoungua, kuna mafuta yameingia kwenye silinda na yanawaka kwa joto la mbano. Hiyo inaharibu sili na inavunja springi. Tena kwenye mtutu wa kukunja, kipunguza sauti kitageuka mpini wa kuvutia wakati wa kukunja, na hesi zitapinda.

Kabla ya kulipa, jambo la sheria, na hapa sitanii. Kuna nchi zinazohesabu kipunguza sauti kuwa silaha au sehemu ya silaha hata kikiwa cha bunduki ya upepo. Uingereza, kwa bunduki za upepo zisizohitaji cheti, vimezoeleka kuuzwa wazi dukani. Marekani vipunguza sauti vya silaha za baruti viko chini ya usajili wa shirikisho tangu 1934, ndiyo maana watengenezaji wengi wa bunduki za upepo huvijengea ndani ya ganda la mtutu visivyofunguka. Uliza ofisi inayotoa leseni za silaha mahali ulipo, ukiwa na picha na maelezo ya kitu chenyewe, na upate jibu la maandishi. Kwa sababu hiyo hiyo usijitengenezee, na usithubutu kukifunga kwenye bunduki ya baruti: hakikujengwa kwa shinikizo lile, kitapasuka usoni pako.

Angalia pia kama mtutu wako tayari una ganda nene linaloufunika wote. Likiwepo, huenda ndani kuna kipunguza sauti cha kiwandani, na cha nje kitaongeza kidogo sana.

Kwa vipimo ulivyonipa, na kama hesi zinalingana, mimi ningechukua kile kifupi kinene. Kina ujazo zaidi, kinavumilia kosa la unyoofu, na mtutu hauongezeki urefu wa kugonga kila mlango. Ningegeuza uamuzi kama mtutu wako ni mwembamba sana na makundi yanatawanyika ukibeba uzito mbele. Hapo kaboni ina haki yake, mradi ukaguzi wa tochi uwe safi.

Mpeleke fundi wa bunduki akuangalie ana kwa ana ikiwa mfuto wa risasi unarudi, ikiwa hesi zinaingia kwa kulazimisha, au ukisikia hewa ikivuja. Na masikio: wewe uko karibu na mdomo wa mtutu kuliko jirani. Ukimaliza mazoezi masikio yakiwa yanalia "nyiii" na hayajatulia hadi kesho yake, au sauti za watu unazisikia kama ziko ndani ya mtungi, nenda kwa daktari wa masikio, usisubiri. Vaa kinga hata baada ya kufunga kipunguza sauti, na kama kuna mtoto anayesimama kukutazama, mvishe yeye kwanza.